Usukani wa Ndege Ukigoma Angani: Hatua kwa Hatua kwa Wanaoanza, Juu ya Pwani ya Mombasa

Maswali ni yale yale. "Ndege inalalia kushoto, nikanyage pedali?" "Flapu zimekwama, nitue hivyo hivyo?" "Trimu inazunguka yenyewe, nizime nini?" Vijana wanaojifunza kwa simuleta (programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege) hapa Mombasa, pamoja na wale wanaojiandaa kuingia shule ya urubani, huyauliza kila mara. Nimeyaandika majibu mahali pamoja ili uweze kuyafuata ukiwa umekaa mbele ya skrini.

Ndege nitakayoitumia ni Boeing 737-800. Inakuja ndani ya simuleta ya X-Plane bila kuinunua kando, na usukani wake bado una nyaya za chuma zinazotoka mkononi mwa rubani hadi mkiani, kwa hiyo ukikosea unaliona kosa lako waziwazi. Mwongozo huu ni wa simuleta. Kwenye ndege halisi yenye abiria, kitabu cha hatua za dharura cha kampuni ndicho chenye neno la mwisho.

Kama huna muda wa kusoma yote, soma hatua ya 6. Wanaoanza wengi huangusha ndege ambayo bado ilikuwa inaruka vizuri, kwa sababu ya kuikimbiza chini kabla hawajajua inakubali nini na inakataa nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simuleta yenye menyu ya kuharibu mifumo. X-Plane inayo: unachagua flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili ndege iweze kuruka polepole), trimu (inayoupunguzia mkono mzigo wa kuishika pua), haidroliki (mafuta yenye shinikizo yanayosogeza viungo vya usukani) au usukani, kisha unaamua iharibike sasa hivi au wakati wowote usioujua.
- Joistiki na pedali. Ukikosa pedali, tumia joistiki inayozunguka kwenye kishikio chake.
- Leva mbili za injini, kila moja ikijitegemea. Usibanie hapa. Ukiwa na leva moja huwezi kuongeza nguvu ya injini ya kulia na kupunguza ya kushoto, na kuna hitilafu ambazo hiyo ndiyo dawa pekee iliyobaki.
- Mwenzako wa kukaa kando. Mmoja anarusha, mwingine anasoma orodha na kugusa swichi. Ukiwa peke yako utafanya kazi zote mbili vibaya.
- Orodha ya ukaguzi ya ndege yako, ikiwa imechapishwa. Kutafuta faili kwenye simu huku pua inashuka hakufai.
- Kalamu na karatasi.

Sasa iweke ndege juu ya bahari mkabala na Kilifi, futi 10,000, mwendo noti 250 (noti ni maili ya baharini kwa saa), flapu na magurudumu yakiwa juu. Uzito uwe tani 60 hivi. Mpaka wa uzito wa kutua wa 737-800 ni tani 66 na kidogo. Hewa iwe shwari, mchana. Kilifi nimeichagua makusudi. Iko karibu maili 28 za baharini kaskazini-mashariki mwa Uwanja wa Ndege wa Moi, karibu kabisa kwenye mstari wa njia ya kurukia 21 (namba hiyo ni uelekeo wake, nyuzi 210 hivi za dira). Ukishaimudu ndege yako huna haja ya kupiga kona nyingi, unateremka ukiwa umenyooka. Na chini yako, wakati unajaribu hili na lile, ni maji matupu.

Kabla hujaharibu chochote, ruka moja kwa moja dakika tano. Andika pua iko nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho na injini ziko asilimia ngapi. Rudia ukiwa na flapu 5 (namba ikiwa kubwa, flapu zimeshuka zaidi), kisha flapu 15 na magurudumu chini. Karatasi hiyo ina thamani kuliko vifaa vyote nilivyotaja.

Nadharia, kidogo tu

Pua kupanda na kushuka ni kazi ya eleveta. Msaidizi wake ni stabilaiza, lile bawa la mkiani ambalo trimu hulisogeza lote kwa pamoja. Kulala ubavu ni kazi ya eleroni, na wasaidizi wake ni spoila zinazoinuka juu ya bawa. Kugeuza pua kushoto na kulia ni kazi ya usukani wa mkia. Nyuma ya yote hayo kuna injini mbili, nazo pia zinaweza kuigeuza ndege na kuinua pua. Kiungo kimoja kikifa, kingine huweza kubeba sehemu ya mzigo wake. Yatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Shika usukani, ndipo uzime otopailoti

Angalia mpangilio huo: mkono kwanza, kidole baadaye. Otopailoti, mfumo unaoirusha ndege wenyewe, huweza kuwa imeubeba mzigo mzito kimyakimya, na ukiizima usukani ukiwa wazi, ndege itaruka upande kabla hujaugusa. Ushike sawasawa, zima otopailoti, kisha zima mfumo unaosogeza leva za injini wenyewe. Sema kwa sauti, "Ndege ni yangu." Mwenzako ajibu, "Ni yako." Kuanzia hapo yeye haugusi usukani mpaka umwombe.

Usiirudishe otopailoti ati upumzike. Itakuficha hali halisi ya ndege, kisha ikishindwa itakuachia ghafla.

Hatua ya 2: Rudisha pua na nguvu kwenye namba ulizoandika

Pua ikiwa pale ilipokuwa, na injini zikiwa pale zilipokuwa, mwendo nao utarudi ulikokuwa. Fanya hivyo, kisha tulia.

Flapu usiziguse. Magurudumu usiyaguse. Breki za hewa usizitoe. Kama shida ilianza pale ulipogusa kitu, toa mkono hapo, hata kama moyo unakusukuma kukirudisha. Flapu zilizokwama kwa mfano, moja chini na nyingine nusu, zinaweza kuachana zaidi ukizivuta. Subiri orodha ikuambie.

Hatua ya 3: Tafuta kiungo kinachoumwa

Anza na injini. Injini iliyokufa huivuta ndege upande mmoja, na wanaoanza huapa kwamba usukani wa mkia ndio umeharibika. Tazama vipimo vyote viwili vinalingana. Halafu tazama mafuta: tangi la kushoto likiwa zito kuliko la kulia, ndege italalia kushoto bila hitilafu yoyote ya usukani.

Kisha tazama gurudumu la trimu. Kwenye 737 yapo mawili, makubwa, meusi yenye mstari mweupe, kando ya magoti ya marubani. Likizunguka unauona mstari ukipita na unasikia mlio wake. Je, linazunguka bila wewe kubonyeza? Kipimo cha flapu nacho kina mishale miwili, wa kushoto na wa kulia. Imelaliana, au imeachana? Mwisho tazama taa za haidroliki, mfumo A na mfumo B.

Ndipo uujaribu usukani wenyewe: sogeza upana wa kidole kulia, rudisha; upana wa kidole kushoto, rudisha; mbele, nyuma, pedali. Mwenzako aseme anachokiona: "Umepeleka kulia, imelala kulia." Usidhani kusema hivyo ni utoto. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya Air Astana aina ya Embraer 190 ilitoka kwenye matengenezo karibu na Lisbon ikiwa na nyaya za eleroni zilizofungwa kinyume. Rubani alipeleka kulia, eleroni zikaivuta kushoto. Walihangaika angani muda mrefu, wakajifunza upya jinsi ndege yao inavyojibu, na wakatua Beja katika jaribio la tatu wote wakiwa hai. Kwa hiyo kabla ya kuruka, ukiwa bado umeegesha, zungusha usukani mpaka mwisho wake huku unaitazama picha ya mabawa. Usiangalie tu kama vinasogea. Angalia vinasogea upande gani.

Hatua ya 4: Fanya hatua za kwanza za hitilafu yako

*Trimu inayokimbia.* Kaza usukani kwa nguvu uizuie pua. Otopailoti na mfumo wa leva za injini viwe vimezimwa. Bado gurudumu linazunguka? Bonyeza chini swichi mbili za kukata umeme wa trimu, kwenye kiweko cha katikati, nyuma ya leva za injini upande wa kulia. Zote mbili. Bado linazunguka? Lishike kwa mkono na ulizuie. Baada ya hapo mwenzako akunjue kishikio cha gurudumu na kulizungusha taratibu, wewe ukimwambia uzito unapungua au unaongezeka.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili limetugusa nyumbani. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines nambari 302, 737 MAX 8, iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na kuanguka dakika 6 baadaye. Watu 157 walifariki, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kihisi kimoja cha pembe ya hewa kilitoa taarifa ya uongo, na mfumo wa kompyuta ulioitwa MCAS ukawa unaisukuma pua chini tena na tena. Muundo wa ndege ndio ulioanzisha balaa lile. Marubani walizikata swichi za trimu kama ilivyoandikwa. Lakini nguvu za injini zilikuwa bado za kurukia, mwendo ukapanda kupita kiasi, na hewa ikaigandamiza stabilaiza kwa uzito ambao gurudumu la mkono halikuweza kuushinda.

Hilo ndilo la kuchukua kwenye simuleta yako: baada ya kukata trimu, tazama mwendo mara moja. Ukiwa unapanda, rudisha leva za injini mpaka ubaki palepale ulipo. Ukiacha mwendo ukimbie, trimu ya mkono itakuwa nzito kama nanga, na kila sekunde unayoongeza inaifanya nzito zaidi.

*Usukani uliokwama.* Usizime swichi yoyote ya usukani wala ya haidroliki ati uone kitatokea nini. Shikeni wawili, vuteni kwa nguvu kuelekea mnakotaka. 737 imetengenezwa hivi kwamba upande mmoja ukikwama, upande wa pili unaweza kuachana nao na kufanya kazi: eleroni zikiganda, usukani wa rubani msaidizi bado huinua spoila. Jaribuni kila upande kabla hamjakata tamaa.

Usukani wa mkia ukikwama umeelekea upande mmoja, hatari yake iko kwenye mwendo mdogo. Chini ya mwendo fulani eleroni haziwezi kuushinda mkia, hata ukizipeleka mpaka mwisho. Ndege ya USAir 427 ilianguka karibu na Pittsburgh mwaka 1994 kwa hitilafu ya namna hiyo, watu 132 wakafariki, na baadaye valvu ya usukani wa mkia wa 737 ikaundwa upya. Kwa hiyo ukiona eleroni zinaelekea kushindwa, usivute usukani. Shusha pua, uongeze mwendo, nguvu ya eleroni itarudi.

*Flapu zilizoachana au zilizogoma.* Acha leva palepale. 737 huzisimamisha yenyewe ikihisi zimeachana. Kama hazijaachana bali hazishuki tu, ipo njia mbadala ya umeme: punguza mwendo ufike chini ya noti 230 na uwe na subira, maana huchukua kama dakika 2 kufika flapu 15. Njia hiyo haina kinga ya kuzuia flapu kuachana, kwa hiyo macho ya mwenzako yabaki kwenye ile mishale miwili, na ikiachana tu aache papo hapo.

*Haidroliki.* Ukipoteza A pekee au B pekee, usukani bado una nguvu. Soma orodha ujue ni nini kingine kimekwenda. Ukipoteza zote mbili, eleveta na eleroni zinabaki kwa nguvu za mikono yako. Usukani wa mkia unabebwa na mfumo wa akiba. Kila kitu kitakuwa kizito na kitachelewa. Piga kona ndogo, panga mapema, na utatua na flapu 15.

*Kila kitu kimekwenda.* Zimebaki injini. Ukiongeza ya kulia na kupunguza ya kushoto, pua huenda kushoto, kama unavyopiga kasia upande mmoja wa mtumbwi. Ukiongeza zote mbili, pua huinuka, kwa kuwa injini zinaning'inia chini ya mabawa. Tabu ni kwamba injini huchelewa kujibu, na pua itakuwa inapanda na kushuka kama wimbi. Ongeza nguvu pua inapoanza kushuka, usingoje ifike chini. Punguza inapokaribia kilele. Usipige chenga kubwa. Kusogeza leva upana wa kidole kunatosha. Ndivyo marubani wa United 232 walivyoifikisha DC-10 yao Sioux City tarehe 19 Julai 1989, baada ya injini ya mkiani kupasuka na kukata haidroliki zote tatu. Walikuwa watu 296 ndani, 184 wakapona. Mwaka 2003 ndege ya mizigo aina ya A300 ilipigwa kombora juu ya Baghdad, ikapoteza haidroliki zote, na wafanyakazi wake watatu wakaitua kwa injini peke yake.

Hatua ya 5: Toa taarifa, chagua uwanja

Weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada. Sema mayday mara tatu, jina la ndege, tatizo, watu wangapi, mafuta ya muda gani, na unachotaka. Unachotaka ndicho wengi husahau. Mnara wa kuongozea ndege haujui kwamba huwezi kulala zaidi ya nyuzi 15. Uambie: nahitaji kona pana, mstari mrefu ulionyooka, zimamoto wawe tayari.

Watu huniuliza kwa nini wasiende Nairobi, wakati njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ni ndefu kuliko ya Mombasa yenye mita 3,350 hivi. Jibu liko kwenye matairi. Tuseme flapu zimegoma kabisa. Kitabu cha 737-800 kinakuambia uchukue mwendo wako wa kutua wa flapu 40 na uongeze noti 55. Ikiwa ulikuwa 135, sasa ni 190. Uwanja wa Moi uko futi 200 tu juu ya bahari. Siku ya joto noti 190 kwenye kipimo ni kama 195 ardhini, na upepo wa noti 10 usoni unazishusha hadi 185. Nairobi iko zaidi ya futi 5,300. Hewa ni nyepesi, na noti 190 hizo hizo zinaweza kupita 210 ardhini. Matairi mengi ya ndege hii yamepimwa kwa mpaka wa noti 195. Kwa hitilafu inayokulazimu kutua kwa mwendo mkubwa, mimi ningebaki Mombasa bila kusita.

Upepo nao uusome. Wakati wa kusi, njia 21 hukupa upepo usoni, na unaingia moja kwa moja kutoka upande wa Kilifi. Wakati wa kaskazi, njia 03, yaani lami ile ile kutoka mwisho wake wa pili, ndiyo yenye upepo usoni; inabidi uzunguke kwa bahari mpaka kusini, na Vilima vya Shimba vitakuwa kushoto kwako unapoingia, kwa hiyo usiteremke mapema.

Hatua ya 6: Ijaribu ndege ukiwa bado juu

Usiruke hatua hii. Ifanye futi 10,000, juu ya bahari, mabawa yakiwa sawa.

1. Amua utatua na flapu ngapi. Usichukue nyingi kuliko unavyohitaji. Kwa hitilafu nyingi 15 inatosha.
2. Punguza mwendo polepole, noti 10 kwa wakati. Kila ukifika, simama. Subiri nusu dakika. Mwenzako aandike: mwendo, usukani umeenda kiasi gani, pua iko wapi.
3. Teremsha flapu hatua moja, kama zinafanya kazi. Simama tena, uone kama ndege imebadilika tabia.
4. Teremsha magurudumu hapa hapa juu, si karibu na ardhi. Kama umepoteza haidroliki A, yateremshe kwa vishikio vya mkono vilivyo chini ya kifuniko cha sakafuni, na ujue hayatapanda tena.
5. Endelea kupunguza noti 5 kwa wakati. Ukifika mahali ambapo unahitaji nusu ya usukani ili tu kubaki sawa, au unahisi mtikisiko, au pua haikusikii, hapo ndipo mwisho. Ongeza noti 10 juu yake. Huo ndio mwendo wako wa kutua leo, hata kama kitabu kinataja mdogo zaidi. Kama kitabu kinataja mkubwa, fuata kitabu.
6. Jaribu kona moja ya nyuzi 15 kila upande. Upande mmoja utakuwa mgumu. Panga safari yako ili kona zako ziende upande ulio rahisi.
7. Jaribu mteremko wa futi 800 kwa dakika, kisha isawazishe kana kwamba unatua. Uone inachukua futi ngapi kuacha kushuka.

Ukishamaliza, usibadilishe tena umbo la ndege. Flapu na magurudumu vibaki hivyo hivyo mpaka chini. Ndege uliyoijaribu ndiyo unayoijua; ukiongeza flapu moja tu futi 1,500 juu ya Jomvu, umepanda ndege nyingine usiyoijua.

Kinachonihuzunisha katika kisa cha Alaska Airlines 261 ni hiki hiki. Tarehe 31 Januari 2000 stabilaiza ya MD-83 ilikuwa imekwama kwa sababu skrubu yake kubwa ilikuwa imelika kwa kukosa grisi. Ndege ilikuwa nzito kuishika lakini ilikuwa inaruka. Walipoendelea kuijaribu mota ya trimu, skrubu ilikwamuka, pua ikaanguka. Waliiokoa. Dakika chache baadaye skrubu ikaachia kabisa, na watu wote 88 wakafia baharini. Marubani wale hawakuweza kuiona skrubu iliyo mkiani, wala wewe hutaiona. Kilichokwama mahali ambapo ndege bado inarukika, kiache kikwame hapo.

Hatua ya 7: Teremka kwa mstari mrefu

Futi 300 kwa kila maili ya baharini ndiyo kanuni ya nyuzi 3. Kutoka Kilifi, maili 28, ni karibu futi 8,400, kwa hiyo ukimaliza jaribio lako futi 10,000 una nafasi ya kutosha kujipanga. Kasi ya kushuka ipate kwa kuzidisha mwendo wa ardhini mara 5: noti 160 ni futi 800 kwa dakika. Mtwapa itabaki kushoto kwako, na njia itaonekana mbele mapema ikiwa hewa ni safi.

Nguvu za injini zisogeze kidogo kidogo. Kwenye ndege iliyojeruhiwa kila badiliko la nguvu hubadilisha pua, na kama trimu imekatwa, mikono yako ndiyo inayolipa. Futi 1,000 juu ya ardhi uwe umenyooka, mwendo ni ule, mteremko ni ule. Kama sivyo, na ndege inaweza kupanda, paa tena. Amua hilo mapema na mwambie mwenzako.

Hatua ya 8: Gusa chini na usimame

Usiiache ndege ielee hewani ukitafuta mguso laini. Punguza mteremko kidogo, iache iguse kwenye alama zake. Bila flapu pua huwa juu tayari. Ukiivuta zaidi mkia utapiga lami. Spoila, rivasi (injini zikisukuma hewa mbele) kwa nguvu sawa pande zote mbili, breki moja ndefu isiyoachiwa. Kama haidroliki zote zimekwenda, breki zina akiba ndogo tu: ukizipigapiga inakwisha. Ukisimama, simama hapo hapo njiani, zimamoto wakague magurudumu kwanza.

Ikikukatalia

*Nikizima otopailoti ndege inapinduka.* Hukuwa umeshika, au joistiki yako haijasawazishwa. Isawazishe kwenye mipangilio na uangalie inarudi sifuri ukiiachia.

*Nimekata swichi za trimu lakini bado inakimbia.* Modeli nyingi za bure zina swichi za picha tu, hazifanyi kazi. Zijaribu kwanza ndege ikiwa nzima: zikate, bonyeza trimu, gurudumu lisisogee.

*Gurudumu la trimu kwenye skrini halizunguki kwa kipanya.* Tafuta amri ya trimu ya mkono kwenye mipangilio ya vitufe, umpe mwenzako vitufe viwili.

*Kwa injini peke yake pua inazidi kuyumba kila ninapoirekebisha.* Unachelewa. Toa mkono kwenye leva kwa wimbi zima moja, hesabu sekunde kutoka kilele hadi kilele, kisha anza kurekebisha robo ya wimbi kabla. Usijaribu kutua kwa njia hii mpaka uweze kubaki ndani ya futi 300 za kimo chako kwa muda wa dakika kumi.

*Nafika mwisho wa njia bado nina mwendo.* Tazama ulipogusa, si breki. Aliyegusa mita 900 ndani ya njia 21 bila flapu amejipunguzia zaidi ya robo ya lami yake.

*Natumia A320, hakuna usukani wa kuvuta.* Hatua ya 2, 3, 5 na 6 ni zile zile. Tofauti ni kwamba kompyuta zikipoteza uwezo, ndege hushuka kutoka sheria ya kawaida (sheria ni namna kompyuta zinavyotafsiri mkono wa rubani) kwenda mbadala na kisha ya moja kwa moja, na hapo trimu haijiwekei tena: skrini itakuambia utumie ya mkono. Wengi huupuuza ujumbe huo wakashangaa kwa nini pua imekuwa nzito. Anza zoezi hilo na sheria ya moja kwa moja, flapu 3, Kilifi hadi njia 21, kabla hujagusa hitilafu nyingine yoyote ya Airbus.